Uzi kwa mnaokwenda kusoma semista nje: hakikisheni krediti zitahesabika kabla hamjapanda ndege

Kisiki_cha_Mpingo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa matangazo ya kubadilishana wanafunzi ukifika, PM yangu inajaa maswali: viza inachukua muda gani, posho inatosha, baridi ikoje. Ni maswali ya haki kabisa na humu yameshajibiwa sana. Ila kuna swali moja ambalo naulizwa na waliokwisharudi tu, na kwao muda umepita: haya masomo niliyosoma huko, chuo changu kitayahesabu kwenye digrii yangu?

Nilienda Ujerumani nikiwa mwaka wa tatu kupitia Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi), ule wa semista, siyo wa kusoma digrii nzima. Niliporudi kozi zangu zote ziliingia kwenye transkripti ya nyumbani na nikahitimu na darasa langu. Kulikuwa na dada mmoja aliyetoka chuo kingine cha hapahapa nchini. Tulikaa hosteli moja, baadhi ya vipindi tulisoma pamoja, na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Aliporudi akaambiwa semista ile haitambuliki. Akarudia kozi zilezile na watu wa mwaka uliomfuata. Mimi nilikuwa na karatasi moja iliyosainiwa ambayo yeye hakuwa nayo, na hakuna mtu chuoni kwao aliyemwambia kwamba anaihitaji. Hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Kwanza tuelewane. Ukienda kwa kubadilishana, digrii inabaki kuwa ya chuo chako cha nyumbani. Ada unaendelea kulipa nyumbani, chuo mwenyeji hakikutozi ada ya masomo. Erasmus+ ilifungua mlango huu kwa vyuo vya nje ya Ulaya, vya kwetu vikiwemo, mwaka 2015. Unaweza kukaa kuanzia miezi 2 hadi 12, na posho kwa anayetoka huku ni kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi unayokwenda, mbali na nauli. Kwa hiyo fedha ipo. Kisichokuja chenyewe ni krediti.

Karatasi ninayoisema ni mkataba wa masomo, kwenye fomu utaiona imeandikwa Learning Agreement. Inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo kinachokupeleka na chuo kinachokupokea. Ina majedwali mawili. La kwanza ni kozi utakazosoma huko. La pili ni kozi za nyumbani ambazo zitahesabika kuwa umeshazisoma. Wanafunzi wengi wanajaza la kwanza kwa makini, halafu la pili wanaandika "semista ya kwanza" au "itajulikana baadaye", na mratibu anasaini kwa kuwa anakimbizana na tarehe ya mwisho. Hapo ndipo semista yako inapopotea, ukiwa bado Ubungo.

Jedwali la pili liandike kozi kwa kozi, na kodi (code) zake. Kwangu kozi ya ramani za kompyuta ya ECTS 5 (ECTS ni krediti za Ulaya) iliandikwa mkabala na kozi ya nyumbani ya krediti 10, na kodi yake, na neno "badala ya". Mkuu wa idara akasaini, ofisi ya taaluma ikagonga muhuri, nikabaki na nakala. Niliporudi, mtu wa mitihani aliyekuwa zamani ameshaondoka na mpya hanijui. Nikamwekea karatasi mezani. Aliisoma, akaingiza matokeo.

Hesabu ya krediti sasa. Ulaya wanatumia ECTS: mwaka mzima wa masomo ni 60, semista ni 30. Tanzania, kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), mwaka ni krediti 120, na digrii ya miaka mitatu ni 360. Kwa hiyo ECTS 1 inakuwa krediti 2 za kwetu, na semista ya ECTS 30 ni krediti 60. Ukienda Sweden utakuta kozi nyingi za ECTS 7.5, hiyo ni 15 za kwetu. Jambo la kuangalia ni jumla. Nimeona watu wamechukua ECTS 20 kwa sababu walitaka muda wa kutembea Ulaya, wakarudi wanadaiwa krediti 20 za nyumbani. Hizo ni kozi mbili zinazokusubiri mwaka wa mwisho, wakati wenzako wanaandika tasnifu.

Halafu alama. Hapa jamani tuwe makini sana. Ujerumani alama ya juu ni 1.0, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kwetu, kwa vyuo vinavyotumia GPA ya 5, mambo yako kinyume. Sasa piga picha karani anafungua transkripti yako anaona 1.3, 1.7, 2.0. Kwake huyu mtu amedisko, yaani amefeli wa kuondolewa chuo! Wajerumani wana fomula ya kubadilisha alama za wageni, inajulikana kama fomula ya Bavaria, na ukiigeuza inakupa za kwetu. Kwa mfumo ambao juu ni 5 na ufaulu unaanzia 2, hesabu inakuwa rahisi: chukua 6, toa alama ya Kijerumani. Yaani 1.3 inakuwa 4.7, na 2.3 inakuwa 3.7. Uamuzi unabaki kwa seneti ya chuo chako, na vyuo vingine vinaandika "amefaulu" tu bila kuingiza kwenye GPA. Uliza mapema chako kinafanyaje, upate jibu kwa maandishi, kwa sababu kama GPA yako ni 4.3 na unasaka daraja la kwanza linaloanzia 4.4, semista isiyoingia kwenye hesabu inakubakisha hapohapo.

La mwisho kwa leo. Ukifika utabadilisha kozi. Karibu kila mtu anabadilisha: moja inafundishwa kwa Kijerumani, nyingine haipo semista hiyo, nyingine mbili zinagongana. Mkataba unaruhusu mabadiliko katika wiki za mwanzo, ila lazima yaandikwe na yasainiwe upya na pande zote tatu. Yule dada alibadilisha kozi tatu na ruhusa aliipata kwa WhatsApp. Aliporudi, mratibu aliyempa ruhusa alishahamishwa.

Karibuni tuongeze nyama.

---

dada_wa_Tanga

Asante sana kaka Kisiki, umenishtua kweli. Mimi nasoma sheria, nimepata nafasi ya kwenda Uholanzi semista ijayo. Kozi nilizochagua ni haki za binadamu za kimataifa, sheria ya Umoja wa Ulaya, sheria ya mazingira na nyingine moja ya biashara. Semista hiyo nyumbani nilipaswa kusoma sheria ya ardhi na mwenendo wa mashauri ya madai, zote ni kozi za lazima. Jedwali la pili la mkataba wangu limeandikwa mstari mmoja tu: "krediti 60". Nimekwisha?

---

Mwalimu_wa_Zamu

Dada wa Tanga, hujakwisha, ila mkataba huo usiupeleke ulivyo.

Niseme kutoka upande wa pili wa meza, maana nimeshughulika na mitihani ya idara kwa muda mrefu. Wanafunzi wanadhani idara inakataa krediti zao kwa roho mbaya. Jueni kwamba tukikubali kozi ya nje badala ya ya kwetu, tunaiambia seneti, na baadaye mwajiri, kwamba huyu mtu anajua kile kilichomo kwenye kozi yetu. Mtaala umeidhinishwa, una kozi za lazima na za hiari. Za lazima ndizo zinazofanya digrii iitwe kwa jina lake.

Chukua hiyo sheria ya ardhi. Huku mwanafunzi anasoma Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, zote za mwaka 1999, pamoja na namna ardhi ya kijiji inavyogawiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Hakuna profesa wa Amsterdam atakayekufundisha hayo. Ukirudi na sheria ya Umoja wa Ulaya ukaomba ikae mahali pa sheria ya ardhi, nitakukatalia, na nitakuwa sahihi, hata kama umepata alama za juu kabisa. Mteja wako atakuwa Handeni na mgogoro wake wa mpaka wa shamba.

Lakini haki za binadamu, mazingira na biashara za kimataifa ni kozi ambazo programu nyingi za sheria zinazo kama za hiari. Kwa hiyo cheza na ratiba. Nenda kwa mkuu wa idara umwombe kuhamisha: kozi za hiari za mwaka ujao uzisomee Uholanzi sasa, na hizo mbili za lazima uzisome ukirudi. Semista utakayorudi itakuwa nzito, ila hutaongeza mwaka. Wenzetu wa uhandisi na afya wana bodi za kitaaluma juu yao, nao wafanye vivyo hivyo.

Nenda na silabasi mkononi. Usinipelekee jina la kozi peke yake. Kozi mbili zinaweza kuwa na jina moja na zikafanana kwa robo tu. Nipe mada za kila wiki, vitabu, saa za masomo na jinsi wanavyopima. Ukiniletea hivyo nakusainia siku hiyohiyo. Na pakua silabasi hiyo uihifadhi, kwa sababu vyuo vya huko hubadilisha kurasa zao kila mwaka na ukiitafuta baadaye utakuta ya kundi jingine.

---

dada_wa_Tanga

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Kesho asubuhi niko idarani. Nitaleta mrejesho.

---

Kazungu_wa_Kilifi

Hodi kutoka Kenya. Kwetu shida inaanzia kwenye kipimo chenyewe. Hesabu yetu ni ya yuniti, na yuniti ya kawaida ni saa 45 za kukaa darasani. Mimi nilienda Marekani kwa semista moja, na huko nikaona mambo yanalingana vizuri kuliko Ulaya. Kozi yao ya krediti 3 ni saa 3 kwa wiki kwa takriban wiki 15, yaani saa zilezile 45. Niliweka karatasi hizo mbili mbele ya mkuu wa idara hakukuwa na mjadala. Aliyekuwa Ulaya alisumbuka zaidi kwa sababu ECTS inahesabu jumla ya muda wa mwanafunzi, yaani darasa, maktaba, kazi za nyumbani na mtihani, wakati idara yetu inauliza tu "ulikaa darasani saa ngapi?"

Jambo jingine kwa wa Marekani. Mwenye viza ya J-1 ya mwanafunzi anatakiwa asome kwa muda kamili, na kwa shahada ya kwanza hiyo mara nyingi ni krediti 12 kwa semista. Ila wanaotaka kumaliza digrii kwa miaka minne wanachukua 15, kwa kuwa digrii yao ni kama 120. Ukibaki kwenye 12 uko salama kwa uhamiaji, lakini nyumbani unaweza kupungukiwa.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Kazungu umetusaidia sana. Kwa Watanzania, 15 za Marekani ni sawa na ECTS 30, ambazo ni 60 za kwetu. Kwa hiyo kozi ya krediti 3 ya Marekani ni takriban 12 za TCU.

---

Mlalakuwa_Kota

Mimi napingana na hiyo mara mbili yenu. TCU inasema krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. ECTS 1 ni saa 25 hadi 30. Kwa saa, ECTS 1 ni krediti 2.5 mpaka 3! Kozi ya ECTS 5 nimeifanyia kazi saa 125 kwa uchache, na nimepewa krediti 10 ambazo ni saa 100. Hiyo ni dhuluma. Mbona mnawafundisha vijana kukubali kidogo?

---

Mwalimu_wa_Zamu

Mlalakuwa, hoja yako nimeielewa na namba zako ziko sawa. Ukienda kwa saa, mwaka wa Ulaya ni saa 1,500 hadi 1,800, wa kwetu ni 1,200. Lakini fikiria matokeo yake. Tukikupa 2.5, mtu aliyesoma semista moja ya kawaida huko anarudi na krediti 75, ilhali mwenzake aliyebaki hapa, akahudhuria kila kipindi na kufaulu kila mtihani, ana 60. Semista yake nzima kwa semista yako nzima, ndiyo maana idara nyingi zinalinganisha mzigo wa mwaka kwa mwaka. Mimi naona ni haki.

Saa zitumie pale zinapokusaidia kweli: ukiwa na kozi ya ECTS 5 na ya nyumbani ni krediti 12, idara ikasema umepungukiwa krediti 2, hapo waonyeshe kwamba umefanya saa 125 na wao wanadai 120. Nimewahi kukubali hoja hiyo.

---

Mlalakuwa_Kota

Sawa mwalimu, hiyo ya kozi moja nimeikubali. Ya semista bado nina kinyongo nayo, lakini nimeelewa mantiki.

---

Bukavu_Mjini

Ndugu zangu, huku Congo tumeingia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), mwaka ni krediti 60 na licence, yaani shahada ya kwanza, ni 180, kwa hiyo kwa anayeenda Ubelgiji ao Ufaransa namba zinalingana moja kwa moja. Lakini msidhani tumepona. Shida yetu ni kalenda. Mwaka wa masomo unaweza kuchelewa kuanza, unarudi kutoka Ulaya unakuta darasa lako liko katikati ya semista ileile uliyokwisha kuisoma, wanakuambia ukae nao. Karatasi iliyosainiwa kabla ndiyo ilimwokoa rafiki yangu mmoja. Alama pia: Ufaransa wanapima kwa 20 kama sisi, na 10 ndiyo kufaulu. Mtu akiona 14 asidharau, ni alama nzuri sana kule.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Hoja ya kalenda ni nzito na niliisahau. Ujerumani vipindi vya semista ya baridi vinaanza katikati ya Oktoba na kuisha Februari, mitihani inafuata, na majibu yanaweza kutoka Machi au baadaye. Huku semista ya pili inakuwa imeshaanza na bodi ya mitihani imeshakaa. Kwenye mfumo wa chuo unaonekana huna matokeo. Kabla ya kuondoka mwombe mkuu wa idara aandike barua kwa ofisi ya taaluma kwamba matokeo yako yatachelewa, ili usije ukahesabiwa kama mtu aliyetoroka mtihani.

Na jambo la Ujerumani ambalo liliwashika wageni wengi niliokuwa nao: kuhudhuria kozi hakukuandikishi mtihani. Kwa mtihani unajiandikisha kivyake, kwenye mfumo, na kuna tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita hufanyi, hata kama profesa anakujua kwa jina. Kozi nyingi zina mtihani mmoja tu wa mwisho, hakuna zile alama 40 za coursework tulizozoea. Na ukifeli, wa marudio unaweza kuwekwa wakati wewe umesharudi Dar. Ndiyo maana nashauri chukua kozi moja zaidi ya unazohitaji. Ikitokea moja imeanguka, jumla yako bado inafika 30.

Vilevile kataa cheti cha mahudhurio. Baadhi ya semina wanakupa karatasi kwamba ulishiriki, haina alama wala ECTS. Mwambie profesa tangu wiki ya kwanza kwamba unahitaji alama, akupangie insha au mtihani wa mdomo. Wengi wanakubali.

---

dada_wa_Tanga

Mrejesho kama nilivyoahidi. Nimekaa na mkuu wa idara karibu saa nzima. Nilienda na silabasi zote nne nimezichapa. Haki za binadamu na mazingira zimekubaliwa badala ya kozi zetu mbili za hiari za mwaka ujao, zimeandikwa kwa kodi. Ya biashara ameomba kuona orodha ya kesi kwanza. Ya Umoja wa Ulaya amesema itahesabika kama ya hiari ya nje ya programu, itaonekana kwenye transkripti lakini haitachukua nafasi ya kozi yoyote. Sheria ya ardhi na mwenendo wa madai nitasoma nikirudi, na ameniandikia barua ya kuruhusu hilo.

Swali moja limebaki. Alama za Uholanzi ni 1 hadi 10, na 5.5 ndiyo kufaulu. Mkuu wa idara alikuwa anataka kugawa kwa mbili, yaani 7 yangu iwe 3.5. Ni sawa?

---

Mwalimu_wa_Zamu

Hapana, mwombe asigawe kwa mbili. Uholanzi 10 karibu haitolewi, 9 ni nadra, na 8 ni ya mwanafunzi hodari. Ukigawa kwa mbili, hodari wa kule anakuwa 4.0 hapa, na aliyefaulu kwa 5.5 anapata 2.75, yaani anaruka juu ya wenzake waliofaulu kwa shida. Makosa kwa pande zote mbili. Iombe ofisi ya kimataifa ya chuo cha Uholanzi ikutumie mgawanyo wa alama, unaoonyesha asilimia ngapi ya wanafunzi hupata 6, 7, 8 na kuendelea. Vyuo vinavyofuata ECTS vinapaswa kuwa nao. Idara yako ikiuona italinganisha nafasi yako kule na nafasi hiyohiyo katika darasa la hapa. Upate kabla hujaondoka, na uambatanishwe na mkataba.

---

dada_wa_Tanga

Nimeshawaandikia barua pepe sasa hivi. Wakijibu nitaweka hapa jinsi idara ilivyoamua, maana kuna wenzangu wawili wanaenda chuo hichohicho.